Mama Akisema Nimesikia

Mama yangu ana mashine ya kusaga unga kule Rongai, kando ya barabara ya kwenda Eldoret, na tangu nimjue hajawahi kumwambia mteja "hapana". Mtu anakuja wa mwisho, debe la mahindi begani, anaanza: "Mathe, nisagie mimi kwanza, kuna gari inaningoja." Mama anainua kichwa, kope zimejaa unga, anamjibu kwa sauti ya kushindana na mashine: "Nimesikia!" Mteja anafurahi, anaketi kwenye gunia. Nusu saa baadaye bado ameketi pale pale. Mama anasaga kwa foleni, na "nimesikia" yake haina maana nyingine ila kwamba masikio yake ni mazima.

Neno hilo ndilo lililonipa kazi. Nilikuwa nimemaliza chuo Nakuru, nimeandika barua za kuomba kazi mpaka mkono ukachoka, nikarudi nyumbani kumsaidia mama kufagia pumba. Siku moja nikavaa aproni yake, nikajipaka unga usoni, nikasimamisha simu juu ya debe na kujirekodi, mara mimi ni mteja, mara mimi ni mama. Dakika moja tu. Nikaiweka mtandaoni, nikaenda kuoga. Niliporudi simu ilikuwa imetetemeka juu ya meza mpaka ikaanguka chini.

Wiki hiyo nilienda mjini Nakuru kununua vitunguu, nikajaribu kuomba nipunguziwe. Yule mama wa sokoni aliniangalia mara mbili, akacheka mpaka akashika meza. "Nimesikia!" akaniambia, na bei ikabaki ile ile. Vijana wa kuosha magari nao wakaniitia vivyo hivyo kutoka ng'ambo ya barabara. Ai, siku hiyo nilizunguka mji mzima bila sababu yoyote, natafuta tu watu wa kunitambua.

Mama aliiona ile video kwa simu ya mteja. Nilijificha nyuma ya magunia nikingoja kuchambwa. Aliitazama yote, akamrudishia mwenyewe simu, akaniita. Hapa lazima niseme kwamba mama huniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la nyanya, yaani mama yake mzazi. Kwetu ukibeba jina la mtu unaitwa kama mwenyewe, hata ukiwa mtundu namna gani. "Mama," akasema, "unga umejipaka vibaya. Haukai shavuni. Unakaa hapa." Akanionyesha kope zake. Kesho yake akaingia mwenyewe kwenye video, na tangu hapo watu wakawa wanamtafuta yeye, mimi nikabaki wa kushika simu. Alikuwa na ila moja tu. Akichoka, hasubiri niseme chochote. Anapaza sauti mwenyewe, "Kata!", na basi, kazi imekwisha, amerudi kwa mahindi yake.

Lakini sikutaka kuzeekea kwenye dakika moja. Niseme bila kuzunguka: nilitaka kutengeneza filamu, ndefu, ya kuketi na kutazamwa ukutani katika ukumbi uliozimwa taa. Nilichoka kuitwa mchekeshaji. Kwenye harusi moja jamaa aliniuliza mbele ya meza nzima, "Si wewe ndio yule wa video za kusimama?" Alimaanisha video zinazorekodiwa simu ikiwa wima, nyembamba kama mlango wa choo. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini kile kitu kiliniuma wiki nzima. Nikaapa kwamba filamu yangu italala, itakuwa pana kutoka ukuta hadi ukuta, na simu isisogezwe karibu na kazi yangu. Mimi nikishaapa, huwa nimeapa. Hata mama anajua.

Hadithi niliyoandika ilikuwa ndogo. Mwanamke mwenye mashine ya unga ana binti anayetaka kuhama, na wiki nzima wanaogopa kuzungumza juu yake. Filamu inaanza jirani akimsuka yule mwanamke nywele, mistari minane inayorudi nyuma na kukutana kisogoni. Halafu anafunga kitambaa kwa sababu ya unga, na hatuoni nywele hizo tena mpaka kipande cha mwisho. Hapo anarudi nyumbani, anavua kitambaa, anaketi mlangoni na kuanza kufumua mstari mmoja baada ya mwingine, binti yake akiwa mbele yake na begi limeshafungwa. Anasema maneno machache tu: "Mama, nimefunga mashine. Umekula?" Hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo ya kumwambia mtoto anayeondoka. Nilimpa yule binti wa hadithi jina la heshima lile lile ninaloitwa mimi, kwa sababu sijui mama mwingine wa kuandika, na mama mwenyewe ndiye aliyekubali kumwigiza yule mwanamke.

Kamera nilipata ya mpiga picha wa harusi wa Nakuru, mtu mpole anayeniita boss ingawa amenizidi umri. Jumamosi alikuwa na maharusi wake, na siku za kazi mashine ya mama ilinguruma mpaka husikii unachofikiri, kwa hiyo tulirekodi Jumapili baada ya kanisa. Jumapili moja moja, karibu mwaka mzima. Kosa letu kubwa la kwanza tulilifanya Mai Mahiu. Tulihitaji lori la kumbeba binti, tukampata dereva mkarimu, tukamrekodi asubuhi akiwa na fulana yenye grisi. Tukaenda kula. Tukarudi, tukamkuta ameketi kwenye usukani amevaa suti na tai. "Siwezi kuonekana na watu wote hao nikiwa mchafu," akasema. Tulimbembeleza mpaka jua likageuka, na akakataa katakata kuvua tai. Ndipo nilipojifunza kwamba kwenye filamu kitu kilichoonekana leo lazima kionekane vile vile kesho, la sivyo mtazamaji anajua anadanganywa. Baada ya hapo nikawa mkali. Kila tulipokaribia kurekodi nilimpeleka mama kwa yule jirani asukwe tena mistari ile ile minane, na nilihesabu mwenyewe kwa kidole.

Kulikuwa na watu Nairobi waliokuwa wakisaidia wanaotengeneza filamu yao ya kwanza. Mara ya kwanza nilipoomba walinikataa. Mara ya pili niliwatumia nusu ya kazi, wakaipenda, wakanipa mama mmoja mwenye uzoefu wa kuniongoza kwa simu. Sharti lilikuwa moja. Filamu nzima iwafikie kabla mwezi haujaisha, vinginevyo nafasi yangu anapewa mwingine. Tulikuwa tumemaliza kila kitu isipokuwa sini ile ya mwisho, yaani kipande cha kufumua nywele. Tukapanga Jumapili.

Jumanne nyanya akafa.

Nililia. Nyanya alikuwa jina langu, na alinipenda kwa namna ya kunikaripia kila saa. Lakini haki ya Mungu, nasema ukweli, machozi hayajakauka nilishaanza kufikiria kichwa cha mama. Kwetu magharibi, siku chache baada ya mazishi, waliofiwa hunyolewa. Hawapunguzwi. Wananyolewa kwa wembe, kichwa kinabaki wazi. Nililala na fikira hiyo, nikaamka nayo, nikasafiri nayo mpaka kwenye kaburi.

Tulimzika Jumamosi. Jumapili asubuhi, kabla sijarudi Rongai, nilimfuata mama nyuma ya jiko. Alikuwa ameinama anasugua sufuria za wageni kwa majivu. Nilisimama pale kama mtu aliyekuja kukopa.

"Siku ya kunyolewa ni lini?" nikamuuliza.

"Alhamisi."

"Na wewe lazima uwe ndani?"

Aliendelea kusugua. "Mimi ni mtoto wake."

"Najua, Mama. Nasema tu, ungoje siku tatu. Jumapili ijayo tunarekodi, tunamaliza, halafu nitakunyoa mimi mwenyewe. Ukivaa kitambaa, nani atajua?"

Nakumbuka sauti yangu. Ilikuwa tamu, ile ninayotumia na madereva na wenye nyumba. Nilimwambia mtu aliyezika mama yake jana kwamba kitambaa kingetosha. Mama aliinua kichwa, majivu mkononi, akaniangalia muda mrefu.

"Nimesikia," akasema.

Na mimi nikafurahi! Mimi niliyejipatia jina kwa neno hilo, niliyeliigiza mbele ya kamera mara nyingi hata siwezi kuhesabu, niliondoka pale mwepesi nikijua mambo yamenyooka. Nilimpigia mpiga picha nikiwa njiani. "Amekubali," nikamwambia.

"Amesema amekubali?"

"Amesema amesikia."

"Boss," akasema, "si hiyo ndio ilikuwa video yako ya kwanza?"

Nikamwambia achunge kamera yake, mambo ya mama yangu aniachie.

Mama alirudi Ijumaa mchana. Nilimpokea Rongai stejini, nikambebea mkoba, na macho yangu hayakutoka kwenye kitambaa chake cheusi. Kilikuwa kimelala sana. Hakikuwa na kile kivimbe cha kisogoni mistari inapokutana. Nilijiambia ni jinsi alivyokifunga. Tulifika nyumbani, akaketi kitandani, akakivua. Kichwa kilikuwa kitupu, kinang'aa, na mkwaruzo mdogo juu ya sikio.

Sijivunii yaliyofuata. Nilipiga kelele. Nilimwambia mwaka mzima umekwenda na maji, kwamba watu wa Nairobi hawangoji mtu, kwamba yeye ndiye alinifundisha kazi hii na yeye ndiye ameivunja. Nilimwambia, "Umeniharibia maisha." Mama alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka mapajani.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi maliza. Nakungoja."

"Ulisema umesikia," nikasema.

"Nilisikia. Ningekuwa sijasikia, ningekuletea hii?" Akafungua mkoba, akatoa simu yake, ile yenye mpira kiunoni wa kushikilia betri. "Binamu yako ndiye alirekodi kwa yake, akaniwekea humu. Mimi sijui kufungua. Fungua."

Nilifungua, na kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba video ilikuwa imesimama. Wima. Kidole cha binamu kimefunika kona moja, picha inatetemeka, jogoo wa jirani anawika. Mama ameketi kwenye kigoda mlangoni pa nyanya. Kichwani ana mistari yake minane. Mbele yake, pale nilipoandika kwamba binti ameketi na begi, kuna udongo mpya wa kaburi. Nyuma yake amesimama dada yake mkubwa na wembe mkononi na beseni la maji miguuni, na nyuma ya huyo wamekaa waliofiwa wote wakingoja zamu.

Mama anaanza kufumua. Anaanza kushoto, kwa mkia wa kitana, kama tulivyofanya mazoezi. Hana haraka. Mama mkubwa anaguna, mama anamwinulia kiganja, ngoja. Anafumua yote minane, na watu wote wale wanangoja, na sijui aliwaambia nini mpaka wakakubali kungoja. Nywele zinasimama huru. Anaweka kitana pajani, anautazama ule udongo.

"Mama, nimefunga mashine," anasema. "Umekula?"

Hakubadilisha hata neno. Aliyasema kwa Kiswahili chetu cha Rongai, lugha ambayo nyanya aliijua nusu nusu. Mazoezini nilikuwa nimemwambia, baada ya kuuliza, hesabu mpaka tatu kabla hujainua uso, mpe mtoto nafasi ya kujibu. Kwenye ile video niliona midomo yake ikihesabu. Moja, mbili, tatu. Udongo haukujibu kitu. Akainua uso, akatazama kamera, akasema kwa sauti yake ya siku zote ya kuchoka:

"Kata."

Binamu yangu ana duka la dawa, hajawahi kurekodi chochote maishani mwake. Hakujua kwamba neno lile ni lake. Akaendelea kushika simu. Aliyelichukua ni mama mkubwa. Alichovya mkono majini, akamlowesha mama kichwa, akapitisha wembe kutoka paji la uso kurudi nyuma. Mama alishtuka. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema, hapana, si wewe. Halafu akauacha ukiwa wazi hivyo hivyo, nywele za kwanza zikaanguka begani, na akalia. Alilia kilio ambacho mimi singeweza kumwandikia hata ningekaa miaka kumi. Mwisho kabisa sauti ya binamu inamuuliza mama kwa woga, "Shangazi, nizime?" na video inaisha.

Niliweka simu chini. Nilipiga magoti pale sakafuni nikaweka uso mapajani mwa mama, juu ya kile kitambaa, nikamwomba msamaha, na sikumwomba kwa maneno mazuri.

"Nilihesabu mpaka tatu," akasema, akinipapasa kichwa. "Si ulisema tatu?"

"Nilisema tatu, Mama."

"Haya. Sasa niambie, umekula?"

Jumamosi mpiga picha alipitia kwangu kabla ya harusi yake. Nilimwekea ile video bila kumwambia kitu. Alipomaliza alitoka nje, akakaa huko kitambo, akarudi na macho mekundu. "Imesimama," akasema.

"Naona."

"Itakaa katikati ya ukuta na weusi huku na huku."

"Naona pia."

"Basi, boss, tuiunganishe."

Tuliiunganisha kama ilivyo. Nilitoa kile kipande cha jogoo, nikakirudisha. Nilijaribu kuikata pale mama anaposema kata, kama kanuni inavyotaka, nikaona ni uongo mkubwa kuliko suti ya yule dereva, nikairudisha yote mpaka "nizime". Mtazamaji angemwona binti na begi lake, halafu angeona mlango mwingine na kaburi, na angejua. Jumapili baada ya kanisa nikamtumia yule mama wa Nairobi aitazame kabla ya kuikabidhi rasmi.

Alinipigia siku hiyo hiyo. Alikuwa mwema sana, na ndiyo maana ilikuwa vigumu. Alisema filamu imemgusa. Alisema mama yangu ana kipaji cha ajabu. Kisha akasema sini ya mwisho haiwezi kwenda vile. Imesimama, inatetemeka, sauti ni mbovu, kidole kinaonekana, na tena mahali pamebadilika ghafla. "Nunua wigi," akasema, "lisukwe mistari ile ile, mrudie hapo nyumbani kwa kamera nzuri. Nitakuombea siku chache zaidi. Usiharibu kazi ya mwaka mzima kwa sababu ya huzuni. Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri. Kila alichosema nilishawahi kukisema mimi mwenyewe, kwa sauti kali kuliko yake. Na nilijua kwamba nikikosea hapa, sitapewa nafasi nyingine. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa mashine. Mama alikuwa ndani, anafunga mikanda kwa ajili ya kesho, kitambaa kimelala kichwani, na mzee mmoja alikuwa amekuja na debe lake Jumapili hiyo hiyo akidai asagiwe mara moja, eti ana wageni.

"Nimesikia," mama alimjibu. Mzee akafurahi, akaketi kwenye gunia.

"Hallo?" ile sauti ya Nairobi ikaniita. "Uko?"

"Niko," nikasema. "Nimesikia."

Nilimsikia akishusha pumzi. Alifurahi kabisa, akanitakia usiku mwema. Jumatatu asubuhi niliwatumia filamu jinsi ilivyo, mwisho wake ukiwa umesimama wima.